Kikanyagio cha Mama Mkwe

Kigoma, 9 Juni 2002

Kwa Shemeki Nicolas, dereva wa misheni, Baraka,

Nakuandikia nikiwa nimekalia tairi bovu mbele ya karakana, saa ya joto, wateja wamepotea na tajiri amelala. Nakusalimu wewe, dada yangu Florentine na watoto wote watatu. Sisi huku ni wazima, ila macho yangu yanawasha kwa moto wa kuchomelea. Espérance alijifungua msichana mwezi wa nne. Tumempa jina la Mama, Anastasie, na tayari ana ukaidi wa mwenye jina.

Mvua za mwisho ziliosha anga, na kwa siku tatu nimeiona milima ya kwetu ng'ambo ya ziwa. Inakaa juu ya maji kama haina mizizi. Nikikaza macho najidanganya kwamba naona moshi wa jiko la Mama kule Fizi. Halafu mtu ananiita, moshi unapotea.

Sasa jambo lenyewe. Pulchérie wa Swima, yule muuza dagaa, alipita hapa. Anasema nyonga ya Mama imezidi, anatembea kwa fimbo mbili, na kutoka kitandani hadi jikoni kwake ni safari. Madaktari wa mifupa watakuja hapa Kigoma mwezi wa pili mwakani, watakaa wiki mbili tu. Nimemwandikisha. Wameniambia bila kunificha kwamba akikosa wiki hizo, mguu ule hautasimama tena.

Gari lako linapanda Fizi kila juma. Mashua zinavuka kutoka Baraka. Mbona Mama hajashuka? Pulchérie anasema kila ukifika, Mama anajibu kwamba gari ni refu mno, hawezi kulipanda. Kipoyi, ile machela ya kwetu, hataki, anasema watu wanne wakikubeba kwa kipoyi majirani wanaanza kulia. Wanawake wakimvuta mikono, nyonga inamuua.

Shemeki, gari refu ndilo jambo dogo kuliko yote duniani. Mimi ni fundi. Nitalitengenezea vikanyagio vya pembeni, apande kama anayeingia kanisani. Niambie ni gari la aina gani na mlango uko juu kiasi gani.

Ndimi Albert, ninayewakumbuka hata nikila.


Baraka, 14 Julai 2002

Shemeki Albert,

Barua yako ilitumia wiki nne kuvuka maji ambayo mashua huyavuka kwa siku moja. Waliizuia Swima, watu wenye bunduki, mpaka mikate yote iliyokuwamo mashuani ilipoisha. Barua hawakuila, tumshukuru Mungu.

Florentine anakusalimu. Watoto wanaenda shule siku ambazo mwalimu yupo. Mihogo imekubali mwaka huu. Tumefurahi kupata Anastasie mdogo, mlezi wake asichoke.

Gari ni Land Cruiser ya zamani, milango minne ya pembeni na mmoja wa nyuma. Nimepima kwa mkono: kutoka chini hadi kizingiti cha mlango ni shubiri tatu kamili, shubiri za mkono wangu, na mkono wangu unaujua.

Lakini nikwambie ukweli wa kazi. Gari hili lilikuwa na marshapie, yaani hivyo vikanyagio unavyovisema, vizuri, vilivyotoka nalo kiwandani. Niliving'oa mwenyewe mwaka 1999. Gari lenye marshapie kwenye barabara hii halipiti baria, kile kizuizi cha njiani, bila kupata abiria. Wanajeshi wanasimama juu yake, wawili huku, wawili huku, wameshika dirisha, bunduki inakugonga sikio. "Shofa, twende!" Hukuulizwa. Na wale wa msituni wakiona wanajeshi wananing'inia kwenye gari la Padri, unajua wanachofikiri. Tangu niving'oe, hakuna aliyepata pa kukanyaga, nami bado napumua.

Kwa hiyo nashukuru, lakini usijisumbue. Na lile la mama wa Florentine kutopanda, tuliache. Kuna siku atataka mwenyewe.

Padri Jérémie anakusalimu. Anauliza kama Kigoma kuna betri.

Nicolas


Kigoma, 4 Agosti 2002

Shemeki mwenye kiburi cha shubiri,

Salamu zote kwanza. Mtoto anakua, Espérance anauza vitumbua karibu na reli, na betri zipo. Mwambie Padri aniandikie namba iliyo juu ya ile iliyokufa.

"Kuna siku atataka mwenyewe." Shemeki, siku zenyewe zinahesabika. Mwezi wa pili si mbali. Mimi sitatulia.

Nimekaa na maneno yako kuhusu wanajeshi, na jibu nimelipata usingizini, hapa hapa juu ya tairi, mchana. Nilimwona Mama amesimama kando ya gari lako, mguu mmoja hewani, kitenge chake cha njano kinapepea bila upepo. Chini ya mguu hakukuwa na kitu. Alikuwa anasubiri tu, hana haraka, kama anasubiri maji yachemke. Nikanyoosha mkono niweke kitu chini ya ule mguu, nikaamka nimeshika nyundo.

Sikiliza basi. Vikanyagio viko vya namna mbili. Kuna ubao mpana wa bati la madoadoa, unaofuata mlango wa mbele hadi wa nyuma. Ni mzuri kwa macho, lakini jiwe moja la kilima cha Fizi litaukunja, na ni benchi la wanajeshi kama ulivyosema. Kuna bomba nene la inchi mbili. Hilo, jiwe likiligonga, jiwe ndilo linaloumia. Nachagua bomba. Lakini sitalifanya refu. Nitafanya kipande kifupi cha kutosha miguu miwili, chini ya mlango wa nyuma tu, na juu yake nifunge ngozi ya tairi ili pasiteleze. Mikono yake itaingia kwenye soketi na kufungwa kwa pini. Ukifika kwa Mama, unachomeka. Akipanda, unachomoa, unatupa chini ya kiti. Kwenye baria gari lako halina kitu.

Nahitaji kipimo kimoja: Mama anaweza kuinua mguu juu kiasi gani. Najua wewe huwezi kumpima. Mkwe hasogei karibu na mama wa mkewe, sembuse kumshika mguu. Mtume Florentine na uzi, afunge fundo pale unyayo unapofika.

Na jambo jingine. Kwa nini Norbert asimwinue? Ni mtoto wake wa kumzaa, mdogo wangu. Si ndiye aliyembeba ile siku ya vita mwaka 1998, kutoka kijiji chetu cha kando ya ziwa hadi msituni? Aliyeweza siku tatu atashindwa shubiri tatu?

Albert


Baraka, 22 Septemba 2002

Shemeki Albert,

Tumshukuru Mungu, tuko. Barabara ya Fizi ilifungwa wiki tano, ndiyo maana nimechelewa. Dieumerci, mtoto wetu wa pili, ameng'oka meno ya mbele na anazungumza kama mzee. Mgomba mlioacha nyuma ya nyumba umezaa tena, watoto wa jirani wamekula.

Uzi upo ndani ya barua hii. Lakini ujue umetuletea balaa.

Florentine alifika Fizi, akamkuta mama yake amelala kidogo baada ya kula. Hakutaka kumwamsha. Akakunjua uzi, akauweka kando ya mguu, aone tu unafika wapi. Mama akafumbua macho. Mtu mzima analala, mtoto wake amemsimamia na uzi, anampima. Wewe ungefikiri nini? Huku kwetu aliyelala akapimwa kwa uzi, kinachofuata ni seremala.

"Munanipima ya sanduku?" akauliza. "Albert njo amewatuma? Mi sijakufa!"

Florentine akaeleza habari ya gari, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo mama alivyoamini kwamba anafichwa. Kesho yake aligawa masufuria mawili. Akamwita katekista, akaungama hata mambo ambayo katekista alimwomba ayanyamazie. Shangazi yenu akalia bure siku mbili. Mwishowe Florentine akakasirika, akasema, "Basi kama hujakufa, inua muguu tuone!"

Akainua. Fundo liko pale alipofika. Ni shubiri mbili na nusu kidogo, kipimo cha msichana wa shule. Nilishangaa.

Norbert ni mzima. Yuko Lulimba, anachimba dhahabu, hajarudi tangu Pasaka.

Namba ya betri imeandikwa nyuma ya karatasi hii.

Nicolas


Kigoma, 27 Oktoba 2002

Shemeki,

Nimecheka mpaka tajiri akaja kuangalia. Halafu nikaenda nyuma ya karakana, nikalia. Masufuria aliyogawa ni yapi? Lile lenye mpini wa mbao? Usinijibu.

Vikanyagio viko kwenye mashua pamoja na barua hii, viwili, vimefungwa kwenye gunia la kahawa. Padri atataka pande zote mbili zilingane, gari lake lisionekane chongo. Nimeweka kimo cha shubiri mbili kutoka chini, chini kidogo ya fundo la Mama, asijitese. Betri imo.

Namna ya kufunga: soketi zinakaa kwenye chesisi, si kwenye bodi. Ukifunga kwenye bodi, bati litapasuka kabla hujafika Mutambala. Usikubali mtu wa kwenu achomelee chochote kwenye chesisi, moto unaidhoofisha. Tumia matundu yaliyomo tayari, nimeyafuata kwa kukumbuka gari kama hilo nililofanyia kazi hapa mwaka jana. Bolti sita, kila moja na nati mbili. Kaza, endesha siku moja, kisha kaza tena. Usisahau hiyo ya pili.

Sasa nisikie vizuri. Mtu wa Swima alileta baiskeli yake juzi. Tukaongea ya nyumbani. Nikamsifu Norbert kwa kumbeba Mama. Yule mtu akaniangalia, akasema, "Norbert alikuwa amekwisha kimbia mbele. Hakuwa naye." Nikamuuliza nani basi. Akainama kwenye mnyororo wa baiskeli, akasema hajui.

Miaka minne karibu nimewatuma watu salamu za kumshukuru Norbert, na hakuna aliyenisahihisha. Hata wewe. Mama alifikaje msituni, Shemeki?

Albert


Baraka, 1 Desemba 2002

Shemeki Albert,

Nyumbani ni salama. Florentine anakohoa, lakini si kikohozi cha kutisha. Ziwa ni tulivu siku hizi, asubuhi halina hata mstari, na wavuvi wanaonekana kama wamekaa hewani.

Vikanyagio vimefika na vimefungwa. Matundu manne yalikubali, mawili niliyasogeza kwa tupa. Nilikaza mara mbili. Padri alisimama juu ya kimoja akapunga mkono kama askofu.

Jumanne tulikwenda Fizi. Nilifanya kama inavyotakiwa: nilisimamisha gari karibu na mlango, nikachomeka kikanyagio, nikarudi kwenye usukani. Florentine alikuwa ametundika kitenge nyuma ya kiti changu. Niligeuza kioo kielekee mtini. Nikasikia fimbo mbili zikija. Nikasubiri. Gari liliinama kidogo upande wa kulia, kidogo sana, halafu likarudi. Likainama tena, likarudi. Nikamsikia akipumua. Halafu fimbo mbili zikienda.

Ni juu mno, Shemeki. Siku ya uzi aliinua mguu kwa hasira, kuwaonyesha kwamba si maiti, na kesho yake hakuamka kitandani. Florentine alilijua hilo akanificha kwa aibu. Uwezo wake wa kweli ni shubiri moja. Tulipima jiwe la mlangoni kwake analopanda kila siku, ndivyo tungefanya tangu mwanzo.

Sasa ulichouliza. Nimekaa na karatasi hii siku nne.

Ni mimi. Siku ile risasi zilipoanza, kila mtu alikimbilia ulikoelekea uso wake. Nilimkuta shambani, ameanguka, nyonga ndiyo ilivunjika hapo. Florentine alikuwa na watoto wawili mikononi na tumboni mmoja. Norbert alikuwa ametangulia. Hakukuwa na mwingine. Nilipiga magoti, nikamwambia Florentine amwambie mama yake apande. Alikataa. Alisema, "Aniache hapa." Risasi zilikaribia, nikamshika mwenyewe, Shemeki, mikono yangu chini ya mapaja ya mama wa mke wangu, nikamtupia mgongoni. Alijifunika uso kwa kitenge. Siku tatu hakusema neno, na mimi sikusema. Nilimsikia akilia kwenye shingo yangu, na haikuwa kwa maumivu peke yake.

Tangu siku hiyo akisikia gari langu anaingia ndani. Samaki ninaompelekea anawapa majirani. Si gari lililo refu. Anaona aibu kwangu, na mimi naona aibu kwake, nawe unafanya kazi ya chuma bure.

Tulisema ni Norbert ili heshima ya mama ibaki. Nakuomba usinichukie.

Nicolas


Kigoma, 22 Desemba 2002

Nicolas,

Leo sina salamu ndefu. Watoto ni wazima.

Nikuchukie? Nisikilize na mimi, kwa sababu nimesema uongo mkubwa kuliko wako.

Mliambiwa mashua niliyokimbia nayo siku ile iliondoka kabla ya risasi. Si kweli. Tulikuwa tumeshika ukingo, tumesimama kwenye maji, mwenye mashua ananiuliza, "Mama yako iko wapi? Tumungoje?" Nafasi ilikuwapo. Nilijua yuko shambani, mwendo wa dakika ishirini. Nilisema, "Twende." Neno moja. Nililisema kwa haraka kama mtu anayetoa mkono motoni. Kila mchana ninapolala juu ya tairi naiona ile nafasi kwenye mashua, ubao mtupu, na maji yanayocheza chini yake.

Ulifanya kazi yangu kwa mikono ambayo haikuruhusiwa. Sijui namna ya kukushukuru kwa jambo ambalo mama anaona ni aibu. Nakushukuru tu.

Nimetengeneza ngazi ya pili, nyepesi, ya kuning'inizwa chini ya kile kikanyagio kwa ndoano mbili. Inakaa shubiri moja kutoka chini. Kwa hiyo kutakuwa na moja, mbili, tatu, halafu kiti. Iondoe kabla ya kuwasha gari, ikibaki jiwe la kwanza litaichukua. Nimeweka pia mshikio wa kufunga kwenye nguzo ya mlango, ili avute kwa mkono wake na asishikwe na mtu yeyote.

Mwambie Mama yote niliyokuandikia hapa. Yote, hata lile neno moja. Florentine amsomee. Kisha asipotaka kupanda, asipande.

Madaktari wanafika tarehe kumi mwezi wa pili.

Albert


Baraka, 16 Februari 2003

Shemeki Albert,

Barua hii inakuja nyuma ya mama, kwa mashua ya juma hili, na najua ameshakusimulia. Lakini yeye alikuwa juu na mimi nilikuwa chini, kwa hiyo sikiliza na upande wangu. Florentine hakohoi tena. Watoto wanaulizia bibi yao kila chakula.

Florentine alimsomea barua yako mwanzo wa mwezi wa kwanza, mlango umefungwa. Anasema mama alisikiliza mpaka mwisho, akaomba isomwe tena pale penye mashua. Halafu akaomba maji ya kuoga. Hakusema kitu kuhusu wewe wala kuhusu mimi. Wiki nne hatukujua kama atapanda.

Ijumaa iliyopita tulipanda Fizi bila matumaini makubwa. Nilichomeka kikanyagio, nikaning'iniza ngazi yako, nikakaa kwenye usukani, nikageuza kioo. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na nyumba zilionekana nusu. Zikaja zile fimbo. Zikasimama. Nikasikia moja ikilazwa ndani ya gari, kisha ya pili. Gari likainama. Nilihesabu na springi: moja. Mshikio ukalia. Mbili. Nilikuwa nimeshika usukani kana kwamba tuko kwenye mteremko. Tatu. Gari halikurudi juu. Kiti kililia, mlango ukafungwa.

Nilishuka kuchomoa vyuma, pini moja ikaangukia matopeni, nikaitafuta kwa magoti.

Tukaanza kuteremka. Baria mbili tulizipita, askari wakaangalia ubavu wa gari, hawakuona pa kukanyaga, wakatupungia. Mama alikuwa nyuma ya kitenge. Nilimsikia akipumua, na mara moja nilimsikia akicheka kidogo, sijui kwa nini.

Baraka tukafika ufukweni. Na hapo, Shemeki, sisi wote wawili na vyuma vyetu na shubiri zetu, hatukuwa tumefikiria ziwa. Mashua haifiki mchangani. Unajua mwenyewe, abiria wanabebwa mgongoni kuipita ile sehemu ya maji. Wakaja wabebaji watatu, vijana wenye nguvu. Mmoja akachuchumaa mbele ya mama. "Mama, panda ku mugongo, usiogope."

Mimi nilikuwa nimesimama mbali, nyuma ya gari, nimegeuza uso kama inavyopasa. Nikasikia mama akimwambia Florentine, kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Hapana. Hawa habanijue. Umwite bwana yako. Ule njo anajua namna ya kunibeba."

Watu wakageuka. Florentine hakuja kuniita, alikaa tu pale pale akilia. Nilikwenda mwenyewe. Nikapiga magoti kwenye mchanga, mgongo nimempa, macho yangu kwenye maji. Safari hii sikumshika. Aliweka mikono yake mabegani pangu, mmoja, halafu mwingine, akapanda. Hakujifunika uso.

Tukaingia majini. Maji yakafika magotini, kiunoni. Ziwa lilikuwa jeupe, huoni linapoishia. Karibu na sikio langu nikamsikia:

"Umekonda weye. Florentine hapikake?"

Shemeki, nina miaka kumi na miwili tangu nimuoe dada yako, na hilo ndilo neno la kwanza mama yenu kunisemesha. Nilitaka kumjibu kwamba anapika. Mashua ilikuwa hatua kumi tu mbele yetu. Nikatembea polepole sana.

Nicolas